Mrija Usioonjwa

Inspekta Minza Shigela alikuwa amepewa kiti, lakini toka aingie kwenye ile nyumba ya Kawajense alikuwa amekikalia mara moja tu, tena kwa upande. Sasa alikuwa dirishani. Kabla ya hapo alikuwa mlangoni. Hakutulia, kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Dakta Krispini, mwenye nyumba na mwenye mashine, alishaanza kuchoka naye.

"Afande, hata ukiizunguka hii meza mpaka kesho, mashine haitasoma haraka zaidi."

"Kesho ndiyo tatizo langu, Dakta."

Kesho asubuhi Silvester wa Katumba angepandishwa kizimbani kwa kesi ya mauaji. Mauaji hayana dhamana. Angekwenda rumande, na mtu akishaingia kule kwa kesi kama hiyo, kumtoa ni kazi ya miaka. Minza ndiye aliyemkamata. Ndiye aliyechukua maelezo ya mashahidi, wote wakasema neno moja bila kupishana, na hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Kesi ilikuwa imekaa vizuri mno, na yeye kesi za namna hiyo hakuziamini hata siku moja.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi Silvester alipokea wageni waliokuja kumposa binti yake, Jeannine. Msemaji wa upande wa kijana alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Rénovat, mtu anayeheshimika Katumba nzima. Familia hizi wazee wao walitoka Burundi, na mpaka leo wakiposa hukaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake. Mwenyeji huonja kwanza kila mrija mbele ya macho ya watu, ndipo anamkabidhi mgeni. Ni njia ya kumwambia mgeni kwamba hajatiliwa kitu.

Alasiri, Mzee Rénovat alianza kulalamika kwamba kinywa kimemkauka. Baadaye akawa anasalimiana na watu wasiokuwepo, anaokota hewani vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Walimfikisha hospitali moyo unamwenda mbio na mboni za macho zimetanuka, na daktari aliyempokea akasema wazi kwamba mzee huyu amekula sumu. Misa ya Jumapili ilikuwa haijaisha alipokata roho. Waliobaki, waliokunywa kwenye chungu kile kile, hawakupata neno zaidi ya kulewa.

Melkiadi, mdogo wa marehemu na baba wa kijana anayeoa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama mbele ya Minza na kusema. Silvester, alisema, alionja mirija yote isipokuwa mmoja. Wengine wote wakaitikia hivyo hivyo, na Silvester mwenyewe alipoulizwa akakubali.

Sampuli rasmi zilikuwa zimekwenda maabara ya serikali, na majibu yangekuja kwa utaratibu wake. Minza na utaratibu hawakuwa marafiki sana. Alisikia kwamba Kawajense kuna mtafiti wa virusi vya mihogo mwenye kijimashine cha kusoma vinasaba, akamwomba mkuu wake ruhusa, akaipata kwa shingo upande, na akambebea Krispini kipande cha kila mrija pamoja na pamba zilizopitishwa midomoni mwa watu husika.

Mashine ilikuwa ndogo kuliko stepla ya ofisini, imechomekwa kwa waya kwenye laptop. Kwenye kioo mistari ilikuwa inaongezeka yenyewe.

"Hiki kidude kinasomaje?" Minza aliuliza, zaidi ili asikie sauti ya mtu kuliko kutaka kujua.

"Vinasaba ni uzi," Krispini alisema. "Uzi mrefu sana. Mashine za kwanza zilikuwa zinasoma kipande kimoja kimoja, zinachoka. Zilizofuata zikawa zinaukata uzi vipande vingi vifupi, halafu kompyuta inahangaika kuviunganisha. Hii ni ya kizazi cha tatu. Humu ndani kuna utando wenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na umeme unapita kwenye kila kitundu. Uzi unavutwa kupita pale mzima mzima. Kila herufi inayopita inautikisa umeme kwa namna yake, na kompyuta inasoma ule mtikisiko. Huhitaji kusubiri mpaka mwisho. Majibu yanaingia huku uzi bado unapita."

"Na wewe unasomea mihogo."

"Nachuma jani asubuhi shambani kwa mtu, mchana namwambia ni kirusi gani kinamlia mazao. Wenzangu wa hospitalini wanasomea kifua kikuu, wajue kidudu kimezoea dawa ipi. Mashine haibagui. Chochote kilicho hai kina uzi." Akainamia kioo. "Haya. Silvester nimempata."

Minza alikuwa ameshafika mezani.

"Mate yake yamo kwenye mirija yote. Kidogo kidogo, kama mtu aliyeonja tu. Isipokuwa huu hapa." Akagusa kichupa kilichoandikwa jina la Rénovat. "Huu hakuuweka mdomoni."

Minza alikichukua kichupa, akakirudisha. Alikuwa ametumaini, bila kumwambia mtu, kwamba mashine ingesema kinyume.

"Kwa hiyo Melkiadi amesema kweli."

"Mimi nakuambia kilichomo na kisichomo. Maana yake utaitafuta wewe. Halafu sijamaliza, mrija huo nimeusaga kipande na bado unasoma."

Lakini Minza alikuwa ameshachukua ufunguo wa gari.

*

Silvester aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mtu wa makamo, mkulima wa tumbaku, vidole vimekuwa vyeusi kwa majani. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza bila kuambiwa.

"Mzee Silvester, nakuuliza tena. Mrija wa Rénovat hukuuonja."

"Sikuuonja."

"Mingine yote ukaionja."

"Yote."

"Kwa nini ule mmoja uliuacha?"

Silvester alimtazama kwa muda, kana kwamba anapima kama swali hilo ni la kweli.

"Afande, hiyo ndiyo mara ya kwanza mnaniuliza hilo. Siku ile mliniuliza nilionja au sikuonja. Nikasema sikuonja, mkaandika, mkanifunga."

"Sasa nauliza kwa nini."

"Ule haukuwa mrija wangu. Mirija ya wageni nimeikata mimi, nimeionja mimi. Rénovat alikuja na wake. Muzee wa heshima kwetu anatembea na mrija wake, ni kama vile mswaki wake. Mimi niuchukue niutie mdomoni, mbele ya watu, siku ya posa? Nimemtukana. Posa imevunjika hapo hapo."

Minza alisimama. Kwao Kasansa pombe hunywewa kwa kata ya kibuyu, inayozunguka mkono kwa mkono, na haikuwahi kumwingia akilini kwamba mtu anaweza kuja na chake.

"Na Melkiadi analijua hilo?"

"Katumba nzima wanalijua. Mlimuuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Minza alizunguka meza, akarudi.

"Nielezee huo mrija ulivyo."

"Ni wa baba yake. Walivuka nao kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Juu kuna waya wa shaba na ushanga mwekundu. Utotoni tulikuwa tunachapwa tukiugusa."

"Jumamosi alikuja na huo huo?"

"Niliuona waya, nikauona ushanga. Ni huo."

"Basi kama sumu ilikuwa ndani yake, ilitoka kwake nyumbani."

"Hilo mimi sijasema," Silvester alijibu, akaondoa mikono mezani. "Sina la kusema juu ya nyumba ya mtu aliyekufa. Mimi nina mtoto. Jeannine amekimbilia kwa shangazi yake Majengo kwa sababu vijana wa Melkiadi wanasema watachoma nyumba yangu. Nataka tu mtoto ajue baba yake hajaua mtu."

Simu ya Minza iliita. Akatoka nayo barazani, akawa anatembea kutoka nguzo hadi nguzo.

"Sema, Dakta."

"Ndani ya mrija kuna vinasaba vya watu wawili. Marehemu, na mwanamke. Hawana undugu wa damu."

"Mke wake."

"Naweza kukuambia ni mwanamke. Mke siwezi, hukuniletea pamba yake."

"Na sumu?"

"Sumu sisomi, nasoma vinasaba. Lakini kuna mmea humu ambao haumo kwenye chungu wala kwenye mirija mingine. Ni wa jamii ya mnanaha. Yale maua makubwa meupe yanayoning'inia kama tarumbeta, watu wanayapanda uani kwa uzuri. Sumu yake imo kila mahali, kwenye jani, kwenye ua, mpaka kwenye mti wenyewe. Inakausha kinywa, inatanua mboni, mtu anaona visivyokuwepo. Na kama ana moyo dhaifu, ndiyo basi."

"Kwa hiyo mtu alitwanga majani akayapaka ndani ya mrija. Mwanamke."

"Nami nilidhani hivyo. Ila kuna kitu hakikai sawa, ngoja nim—"

Minza alikuwa ameshakata simu.

"Leodgar," alimwita koplo wake. "Chukua pingu. Tunakwenda Katumba."

*

Wanawake wa msibani walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, wanaume pembeni kwenye mabenchi. Koplo Leodgar alizima gari, akanyoosha kidevu kuelekea upande wa jikoni.

"Afande, umeyaona?"

Minza alikuwa ameyaona toka barabarani. Ukuta mzima wa uani ulikuwa umefunikwa na maua meupe, makubwa, yameinamisha midomo chini.

Melkiadi aliinuka kwenye benchi. Alikuwa mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kilio, na vijana wake wakainuka naye.

"Nyie polisi mmekuja kutuambia nini? Au mmeshamwachia?"

"Nimekuja kuongea na mama."

"Mama ameshaongea. Sisi wote tumeongea."

"Ulijua marehemu alikuja na mrija wake?"

Melkiadi alikunja uso. "Nani asiyejua?"

"Mimi nilikuwa sijui. Kaa, mzee. Nikimaliza na mama nakuja kwako."

Capitoline, mjane wa Rénovat, alikuwa mwanamke mfupi, mnene, na toka siku ya kwanza ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Mbele ya umati alikuwa amesema anataka Silvester afie ndani na nyumba yake ibaki majivu. Sasa aliingia chumbani mbele ya Minza, akamwonyesha mkeka, akakaa. Leodgar alibaki nje ya mlango na pingu zake.

"Pole tena, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Mtamfunga lini?"

"Kwanza nijibu. Mrija wa mzee ulikuwa unatunzwa na nani?"

"Na mimi. Nani mwingine? Toka nimeolewa."

"Jumamosi asubuhi nani aliutoa?"

"Mimi. Nikauosha, nikaupuliza, nikampa mkononi."

"Kuna mtu mwingine aliyeugusa?"

"Hakuna."

"Mtoto, mgeni, jirani aliyepita?"

"Hakuna, nimekuambia. Niliufunga kwenye kitambaa safi, akaubeba mwenyewe mpaka kwa Silvester."

Alijibu upesi na bila kujificha, na hilo lilimsumbua Minza. Watu waliotia sumu huwa wanakumbuka haraka sana kwamba jirani alipita. Huyu mama alikuwa anafunga milango yote akiwa yeye mwenyewe ndani.

"Yale maua ya uani nani kayapanda?"

"Mimi. Kipande nilipewa Majengo na mwanamke anayeuza miche. Mazuri, eti?"

Simu ilitikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Krispini, na kwa urefu wake ilionekana aliuandika kwa hasira. *Hukuningoja. Nilisaga mti wa mrija wenyewe. Mirija mingine yote ni ya matete. Huu hauna tete hata chembe. Hakuna aliyepaka kitu. Mrija wote umechongwa kwenye ule mmea.*

Minza aliusoma, akaurudia. Alipoinua uso, swali alilokuja nalo lilikuwa limekwisha kazi.

"Mama, mrija aliokwenda nao mzee ni ule wa baba yake? Ule wa kutoka Burundi?"

Capitoline aligeuka kutazama mlango. Sasa ndipo hofu ilipoonekana usoni mwake.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nakuuliza wewe."

"Usimwambie Melkiadi," alisema, sauti imeshuka. "Ule ni wa ukoo wao. Atasema nimeuvunja kwa makusudi." Akavuta kitenge magotini. "Ilikuwa asubuhi ile ile. Nilikuwa natafuta kitenge cha kuvaa, sanduku liko wazi, vitu viko chini. Nikapiga goti juu ya mrija. Nikausikia unavunjika. Mzee yuko nje anaoga, anaimba. Wiki nzima alikuwa anasema maneno atakayoyasema kwa Silvester, ananisemea mimi kitandani. Ningemwambiaje? Akakae pale mbele ya watu na mrija wa kupewa, kama kijana?"

"Ukafanya nini?"

"Matete ya mtoni wameyachoma, na ni mbali. Nikakata pale uani. Ule mti wa maua una moyo laini, ukiusukuma na spoku ya baiskeli unatoka wote. Nikamenya ganda, nikaukausha kwenye moto, nikahamisha waya na ushanga. Nikapuliza mpaka nikaona mwanga upande wa pili."

"Wewe hukujisikia vibaya?"

"Kinywa kilinikauka siku nzima. Nikasema ni moshi wa jikoni."

"Na mzee hakugundua?"

"Aliushika, akasema, mbona leo mwepesi. Nikamwambia ni furaha tu." Alitabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilimuumiza Minza kuliko kilio chake chote. "Si ungemwona anavyoutafuna. Akitafuta neno la kusema anatafuna ncha ya mrija, toka ujana wake. Nilijua kwa kuwa ni laini ataupenda."

Nje Melkiadi alikuwa anapandisha sauti, anawaambia vijana kwamba polisi wamekula njama. Katika kazi yake Minza alikuwa ameshawaambia watu wengi mambo mabaya, lakini hajawahi kumwambia mtu jambo kama hili.

"Kwa hiyo huyo Silvester," Capitoline alisema, akijiinua kwa mkono mmoja, "sumu aliitia wapi? Mrija nimeutengeneza mwenyewe, ulikuwa safi. Ngoja nikuonyeshe. Kipande kilichobaki nimekiweka."

Aliingiza mkono nyuma ya sanduku, akatoa kijiti cheupe kirefu kama kiganja, kimetobolewa vizuri. Akakifuta kwa kitenge, akakipeleka mdomoni apulize.

Minza alimrukia. Alimpiga mkono, kijiti kikaanguka kwenye mkeka, na yeye akakikanyaga kwa buti bila kufikiri.

Capitoline alitazama buti. Akautazama uso wa Minza. Kisha taratibu akageukia dirisha dogo la chumba, ambako maua meupe yalikuwa yanaonekana.

"Ni mti tu," alisema.

"Una sumu, mama."

"Nimeupanda mimi. Watoto wanacheza pale."

"Ung'olewe leo. Silvester hakutia kitu. Hakuna mtu aliyetia kitu."

Capitoline hakulia. Alikaa hapo alipokuwa, mikono imelegea mapajani. Minza alichuchumaa mbele yake, akamshika viganja. Vilikuwa vya baridi. Alitaka kumwambia kwamba hakuwa na namna ya kujua, kwamba alifanya kwa upendo, lakini kila neno lilikuja dogo na yeye akaliacha.

"Nitakwenda kwa mkuu wangu jioni hii," alisema mwishowe. "Silvester hatapandishwa kizimbani. Hili la kwako nitalieleza mimi, polepole. Si lazima watu wa nje wasikie leo."

Sauti ya kijana mmoja ilisikika mlangoni, inauliza petroli iko wapi. Melkiadi hakumkataza.

Capitoline aliinua kichwa. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akakifunga upya kiunoni, akakikaza kama mwanamke anayetoka kwenda shamba.

"Petroli niliwaambia mimi waitafute," alisema. "Nilisimama pale kwenye mkeka nikawaambia. Fungua mlango, mwanangu. Nilipiga kelele mbele ya watu, na hili nalo nitalisema mbele ya watu."

"Mama, watakula nyama yako."

"Jeannine naye ana baba. Fungua."

Minza akafungua mlango, akamwambia Leodgar aziweke pingu mfukoni. Kisha akasimama pembeni ili mama apite kwanza.